Jina Lililong'olewa Wimboni

Kosa nitakalolieleza hapa ni wizi, lakini si wizi wa kawaida. Ni wizi wa mtu anayechukua cha mwenzake kisha akasema amepewa na Mungu. Mwizi wa kuku ukimkamata hukana, au huomba radhi, au hukimbia. Huyu hakimbii. Humfanya aliyeibiwa aonekane mkosaji, kwa maana kumdai yeye ni kumdai Mungu. Nimekaa kanisani tangu utotoni, nimekuwa mzee wa kanisa, na nimewafundisha watoto wa watu kwamba wasiibe na kwamba wasilitaje bure jina la Bwana. Sikuwa nimeona amri hizo mbili zikivunjwa kwa pumzi moja, tena kwa sauti tamu, mpaka jambo hili lilipomfika mjomba wangu.

Mjomba, kaka wa marehemu mama, alitoka magharibi akaja Eldoret akiwa kijana. Aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, akapanga chumba mtaa wa Langas, na hajahama Langas hadi leo. Mchana alihudumia mashine za kufuma. Jioni za mwisho wa juma alipiga gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, katika vilabu vya pombe na katika arusi. Kidole gumba chake kilitembea peke yake kwenye nyuzi nene kama mtu anayekwenda kazini, huku vidole viwili vikicheza kwenye nyuzi nyembamba kama watoto wasio na haraka ya shule. Alipotaka kupandisha sauti alilaza penseli juu ya shingo ya gitaa, akaifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Hakuwa na ngoma. Kando yake alikaa mama mmoja mwenye chupa ya soda, ile yenye mistari ubavuni, akiikwaruza na kuigonga kwa msumari. Kazi hiyo ilikuwa ya mume wake, aliyefanya kazi na mjomba kiwandani. Mume alipofariki, mama aliichukua chupa kutoka dirishani ilipokuwa imekaa tangu mazishi, akaenda nayo klabuni, akakaa kwenye kiti cha marehemu, akagonga. Walevi walimcheka.

"Mama, hiyo soda imeisha. Agiza ingine."

"Wewe kunywa yako," aliwajibu bila kuinua macho. "Mimi nilishakunywa yangu."

Hakutoka tena kwenye kiti kile.

Sikulelewa kupenda vilabu na sivipendi hadi sasa. Nimewaona wapiga gitaa wa mji huu wakiishia pabaya. Kibodi zilikuja, kisha wacheza santuri wenye spika kubwa, na watu waliokuwa wakiitwa kwenye kila arusi wakawa hawaitwi hata kwenye arusi za watoto wao. Mmoja ni bawabu wa ghala la mahindi. Mwingine alipoteza vidole kwenye kinu cha kusagia, na bado hukaa akikunja mkono ule kana kwamba umeshika gitaa. Wa tatu anahubiri sokoni na kuwaambia wapita njia kwamba gitaa ni la shetani. Lakini haki lazima isemwe. Watu hao, pamoja na pombe yao, walikuwa na sheria moja ambayo hawakuivunja. Aliyetaka kupiga wimbo wa mwenziwe hadharani alianza kwa kumtaja mwenyewe. Gumba likishaanza kutembea, kabla ya neno la kwanza la wimbo, alisema: huu ni wa fulani, wa mtaa fulani, mimi nauazima tu. Wao waliita hivyo, kutaja. Aliyeacha kutaja, mpiga chupa alinyamaza katikati ya wimbo, na wimbo ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo iliyokatwa. Hata mlevi aliyekuwa amelala mezani aliamka kuuliza kuna nini.

Bluzi, ule muziki wa huzuni wa watu weusi wa Marekani, iliingia Langas kupitia mbio za riadha. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, aliyefanya mazoezi katika kambi za wakimbiaji za Kaptagat, alikwenda kusoma na kukimbia kusini mwa Marekani. Aliporudi likizo aliniletea sidii kadhaa za wazee weusi wa huko, waliorekodiwa zamani, kila mmoja peke yake na gitaa lake.

"Mwalimu," akaniambia, "hawa wazee wanapiga kama yule mjomba wako wa Langas. Nikawaza nikuletee umpelekee."

Nilimpelekea. Mjomba alisikiliza wimbo wa kwanza akiwa amefumba macho, akaomba urudiwe, kisha akasema, "Huyu amefiwa."

"Umejuaje, mjomba? Kiingereza chake hata mimi sikipati."

"Gumba linatembea, lakini vidole havitaki kulifuata. Sikiliza."

Yule mama wa chupa, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, alisema, "Tena hana mtu wa chupa. Lazima alie."

Kwa kuwa mimi ni mtu wa vitabu nilitafuta habari za maisha ya watu hao, nikawa namsomea mjomba Jumamosi kwa Jumamosi. Wengi wao walichuma pamba mashambani wiki nzima na kupiga gitaa Jumamosi. Mjomba alicheka sana aliposikia hivyo. "Kumbe tuko kazi moja. Yeye anachuma, mimi nafuma." Nilimsomea jinsi walivyovutwa huku na kanisa na huku na klabu, mtu akiimba zaburi leo na kesho akiimba habari za mwanamke aliyeondoka na godoro. Nilimsomea pia kwamba baadhi yao waliimba mbele ya mashine za kurekodi, nyimbo zao zikaenda dunia nzima zikiwa na majina ya watu wengine, nao wakazikwa mahali pasipo hata jiwe.

Hapo mjomba hakucheka. Aliuliza, "Huko hakukuwa na kutaja?"

"Hakukuwa, mjomba."

"Basi ndiyo maana wanasikitika hivyo."

Tangu wakati huo alianza kutunga kwa Kiswahili kwa mtindo wao: mstari mmoja, mstari uleule tena, kisha wa tatu wa kuujibu. Wateja wa klabu hawakuupenda sana. Walisema unafanya bia iwe chungu. Ila wimbo mmoja hawakuusikia kabisa, kwa sababu mjomba hakuwahi kuutoa nje ya nyumba yake.

Mjomba alikuwa na binti mmoja. Alibatizwa katika kanisa letu la Langas, akasoma shule ya Jumapili pale, na sauti yake ilikuwa ikisikika kuliko za wenziwe kwa sababu hakuogopa kukosea. Likizo moja ya mwisho wa mwaka, mvua kubwa ikiwa imepitiliza msimu wake, alikwenda kukaa na mama yake, ambaye alikuwa akifanya kazi katika shamba moja upande wa Moiben. Huko alishikwa na homa ya mapafu. Barabara ilikuwa tope, na gari pekee lililopita asubuhi lilikuwa lile linalokusanya maziwa. Siku ile lilikwama mahali, likachelewa. Walimweka mtoto mbele, katikati ya mama yake na dereva, na madebe ya maziwa yakigongana nyuma. Hakufika mjini. Mama yake naye hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Mjomba alibaki na gitaa, na akatunga hivi:

Gari la maziwa, mbona hukuja mapema,
Gari la maziwa, mbona hukuja mapema,

kisha mstari wa tatu ukaanza kwa jina la binti yake, na baada ya jina: ameniuliza, sina la kusema.

Kila mwaka, siku aliyozikwa mtoto, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa, sisi jamaa tulikusanyika alasiri katika chumba cha mjomba. Tulikunywa chai, akaupiga wimbo huo mara moja, mama wa chupa akiigonga polepole, kisha gitaa likarudishwa ukutani.

Sasa nimlete mtu wa pili. Alikuwa kiongozi wa muziki katika kanisa letu. Tulisoma naye chuo cha ualimu, tukalala chumba kimoja, tukagawana sabuni. Nilipooa ndiye aliyesimama kando yangu na pete yangu mfukoni mwake. Alikuwa na kipaji, sitamnyima hilo; mkono wake kwenye kibodi uliweza kulinyamazisha kanisa lililojaa watoto wachanga. Mjomba alipougua mwaka mmoja, rafiki huyo aliniomba tufuatane kumwombea. Ikawa siku tuliyokwenda ni ile ya kumbukumbu. Mjomba hakumfukuza. Alimpa kiti, akampa chai, akaupiga wimbo.

Ulipokwisha, rafiki yangu alikuwa akijifuta machozi, na hadi leo naamini machozi yale yalikuwa ya kweli. Jambo hilo hunisumbua kuliko yote.

"Mzee," akasema, "huu wimbo uko na upako. Naomba uurudie nirekodi kidogo kwa simu. Nikaombee nayo."

"Kuombea nini?"

"Kuombea wewe, Mzee. Na mtoto."

Mjomba alinigeukia. "Huyu ni rafiki yako?"

"Ni ndugu yangu," nikasema. Kwa upande wangu nilisema kweli.

Mjomba aliupiga mara ya pili, jambo ambalo hakuwa amelifanya mwaka wowote. Simu ilikuwa mezani, katikati ya vikombe, kioo chake kikiangalia juu.

Miezi ilipita. Siku moja nilikuwa kwa kinyozi karibu na steji ya Langas, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, nikasikia simu ya mteja mmoja ikilia. Niliutambua mwendo wa gumba la mjomba, ila lilikuwa limewekwa kwenye kibodi na kuharakishwa, na juu yake makofi.

Gari la maziwa, njoo kwetu mapema,
Gari la maziwa, njoo kwetu mapema,
Bwana akiniuliza, nina la kusema.

"Zima hiyo mashine," nikamwambia kinyozi.

"Nimekukata, Mwalimu?"

"Huo wimbo umetoka wapi?"

"Hujasikia? Ni wa yule kiongozi wenu. Ulishuka Kaptagat akiwa kwa mfungo, huko msituni. Hilo gari la maziwa ni lile la Kanaani, nchi ya maziwa na asali. Mke wangu anaucheza mpaka anaunguza ugali."

Nilitoka pale na kichwa changu cha nusu kwa nusu nikaenda moja kwa moja kanisani. Rafiki yangu alikuwa katika chumba kidogo nyuma ya mimbari, akipanga nyaya za vipaza sauti. Alifurahi kuniona, au alijua kufurahi.

"Mwalimu! Umesikia vile Mungu ametenda?"

"Nimesikia alivyotenda mjomba wangu."

Aliweka waya chini. "Ah. Mjomba wako alikuwa na kale ka-tyuni ka gitaa, ni kweli. Lakini mimi nilienda Kaptagat nikafunga, nikalia pale chini ya miti mpaka sauti ikaisha. Roho akanipa wimbo. Kama Roho alichukua kitu niliwahi kusikia akakitumia, hiyo si kazi yangu, ni kazi yake."

"Ulirekodi ukisema unakwenda kuombea."

"Na niliomba," akasema. "Na nilijibiwa. Hii kitu ni ya kiroho, Mwalimu. Wewe ni mtu wa vitabu."

"Jina la mtoto liko wapi?"

"Jina gani?"

"Lile uliloling'oa ukaweka Bwana."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Sasa wewe, mzee wa kanisa, unataka niondoe jina la Bwana niweke la mtoto wa mtu? Simama mbele ya kanisa useme hivyo. Mimi nitakupa kipaza sauti mwenyewe."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu hila za watu wabaya, na sijakuta mtego uliofumwa vizuri kuliko huo. Mtu huyo ndiye aliyekuwa amebeba pete yangu. Nilirudi kwa kinyozi anyoe nusu iliyobaki.

Nilidhani mjomba hajasikia. Alikuwa amesikia, Langas nzima ilikuwa ikiuimba wimbo ule, na aliyempasha ni mama wa chupa, aliyeusikia kwa muuza nyanya. Lazima nieleze hapa kwamba masikio ya mjomba yalikuwa yakifa. Mashine za kufuma zilikuwa zimeyala kidogo kidogo tangu ujana wake. La kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia, daktari alisema, halingedumu. Tulizungumza naye kwa kukaa upande wa kulia na kuinua sauti.

"Wanaouimba," akaniuliza, "wanafurahi?"

"Wanacheza, mjomba."

"Wanachezea gari ambalo halikufika." Alinisogezea sikio la kulia. "Sikiliza, mpwa. Sitaki kitu chao. Sitaki kumshtaki mtu. Wakitaka kuuimba wauimbe. Nataka jina lake litajwe pale kanisani, pale pale alipobatizwa, na mimi niwe nimekaa nisikie. Nikichelewa nitakuwa nimekaa pale kama kiti."

"Nitalipeleka kwa baraza."

Mama wa chupa alisonya. "Baraza. Wale wazee hata kupaka rangi choo waliomba mwaka mzima."

Hakukosea sana. Nililifikisha jambo mbele ya baraza la wazee wa kanisa nikiwa nimejitayarisha kama wakili. Nilieleza siku ya kumbukumbu, simu mezani, sala iliyoahidiwa. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha mwenyekiti, mkulima mwenye hekima katika mambo ya mbolea na ng'ombe, akauliza, "Sasa, Mwalimu, unataka tumwandikie Roho Mtakatifu barua?"

Walicheka, si kwa ubaya. Mwingine akasema, "Tuulize tu hivi. Kati ya jina la huyo mtoto na jina la Bwana, gani ni kubwa?"

"Hakuna aliyeuliza lipi ni kubwa," nikajibu. "Tunauliza lipi lilikuwa pale."

"Lakini la Bwana liko pale sasa," akasema mwenyekiti. "Nani atalitoa?"

Hakuna aliyeinua mkono. Nilitazama nyuso ambazo nimekula nazo meza ya Bwana tangu nywele zao zikiwa nyeusi, nikaona kwamba kila mmoja alikuwa ameelewa. Hilo ndilo lililoniumiza. Wasingeelewa, ningewaeleza. Walikuwa wameelewa, na wimbo ulikuwa unalijaza kanisa. Ajenda ikafuata ya mabati ya jikoni.

Uzinduzi wa albamu ya rafiki yangu, yenye wimbo ule, ulipangwa kuwa ibada ya Jumapili. Nilimchukua mjomba asubuhi, akiwa amevaa koti lake la arusi, nikamkalisha benchi la mbele, sikio lake la kulia likielekea mimbari. Mama wa chupa alikuja na kiondo chake akakaa nyuma yetu. Hakuwa mtu wa kanisa. Alifika kwenye mazishi na Krismasi, basi. Nilifikiri amekuja kumshika mkono rafiki yake. Kwaya ilivaa sare mpya. Wimbo ulipoanza, watu wote walisimama, vitambaa vikapepea, akina mama wakakata mauno ya utakatifu, na kila walipofika kwenye gari la maziwa walinyoosha mikono kama watu wanaosimamisha gari barabarani. Mjomba alikaa. Alitazama midomo yao. Kwenye mstari wa tatu aliinamisha kichwa kila mara, na kila mara nikajua anangoja.

Katika kanisa letu kuna kipindi cha ushuhuda, na katika kipindi hicho hakuna anayenyimwa nafasi. Anaweza kuwa mlevi, anaweza kuwa mgeni. Akiinua mkono, mshereheshaji humpelekea kipaza sauti, kwa maana nani ajuaye Mungu amemtendea nini. Siku ile aliyeinua mkono alikuwa mama wa chupa.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina."

"Bwana asifiwe tena."

"Amina."

"Mimi si mtu wa kanisa sana. Mnanijua." Watu wakacheka. "Wengine wenu mnanijua kule mahali hamtaki nitaje." Wakacheka zaidi, na kwenye mabenchi ya wanaume kicheko kilikuwa kifupi. "Nimekuja kushukuru kwa huu wimbo. Ni wimbo mzuri. Lakini sisi kule kwetu, kwa wenye dhambi, tukipiga wimbo wa mtu tunamtaja kwanza mwenyewe. Sasa nimengoja tangu asubuhi nione nani atamtaja. Nikaona labda mmesahau."

Aliingiza mkono kwenye kiondo akatoa chupa na msumari.

"Huu wimbo ni wa huyu mzee amekaa hapa mbele. Na aliyeimbiwa ni mtoto wake, mlimbatiza hapa."

Akamtaja. Jina lote, la ubatizo na la ukoo. Kisha akagonga chupa, polepole, kama inavyogongwa alasiri ya kumbukumbu, akaanza kuimba kwa sauti yake ya mkwaruzo: Gari la maziwa, mbona hukuja mapema. Watu walisikia neno "mbona" kwa mara ya kwanza. Alipofika mstari wa tatu akaliimba jina mahali pake.

Rafiki yangu hakuwa mjinga. Alishuka jukwaani akitabasamu, na kipaza sauti kingine mkononi. "Haleluya! Mnaona, kanisa? Roho hampi mtu mmoja. Hata mama yetu leo amepewa ubeti wake." Baadhi ya watu wakapiga makofi kwa mazoea. Niliona jinsi ambavyo hata jambo hili lingemezwa, lipakwe sukari, liwe lake.

Mama hakuacha kugonga. "Sijapewa, mwanangu," akasema. "Nimeuazima. Ndiyo nimetaja."

Akaendelea na ubeti. Hapo mwanamke mmoja wa kwaya, ambaye sasa ana watoto wa sekondari, aliweka mkono mdomoni. Alikuwa amesoma shule ya Jumapili na binti wa mjomba; walikaa kiti kimoja. Mstari wa tatu ulipofika aliimba jina lile. Sauti yake ilivunjika katikati, akalirudia. Wenziwe wawili wa rika lile wakamfuata. Hawakuwa wengi. Wengine walisimama na vitambaa vyao vimeshushwa, hawajui watazame wapi, na mwenyekiti wa baraza alikuwa akisoma tangazo ukutani. Mjomba alikuwa amegeuka kwenye benchi, kiganja nyuma ya sikio la kulia, uso wote ukielekea kwaya. Gumba la mkono wake mwingine lilikuwa likitembea kwenye goti.

Tulipotoka nje nilimuuliza kwa sauti kubwa, "Umesikia, mjomba?"

"Usipige kelele," akasema. "Nimesikia."

Nisingependa msomaji adhani kwamba haki ilitendeka. Albamu haikubadilishwa. Wimbo bado unaimbwa kwa kibodi na makofi, na ukipita steji ya Langas utausikia kwenye simu za watu, Bwana akiwa amekalia kiti cha mtoto. Baraza lilimshukuru Mungu kwa ibada yenye mguso. Mimi nilijiuzulu, nikaeleza sababu, na sababu yangu ikaandikwa kuwa ni shughuli za kikazi. Rafiki yangu alikuja nyumbani kwangu mara moja, akakaa kwenye kiti alichozoea, akasema, "Tusiache shetani atutenganishe. Tuombe pamoja."

"Ninajua kuomba maana yake nini kwako," nikamjibu.

Alikunywa chai yake akaenda. Watu huniambia nisamehe, na labda siku moja nitaweza. Lakini anayeomba msamaha lazima kwanza ataje alichokichukua, na yeye hajataja. Mtu aliyeniibia ng'ombe ningeweza kumwamkia barabarani. Huyu alinifanya mimi kuwa mlango wa kuingilia nyumba ya mjomba wangu, kisha akasema mlango ulifunguliwa na Roho.

Sasa sikio la kulia nalo limekwisha. Siku ya kumbukumbu iliyopita, mahindi yakiwa kwenye magunia kando ya ukuta, mjomba alipiga wimbo bila kusikia hata uzi mmoja. Mama wa chupa alisogeza kiti chake, akaegemeza chupa kwenye ubao wa gitaa, akagongea hapo hapo, ili mtikiso umfikie kifuani. Mjomba hakukosea hata mara moja. Nilipomwandikia kwenye karatasi kwamba ninataka kuandika habari hizi, alikubali kwa sharti moja: jina la binti yake nisiliweke popote linapoweza kuchukuliwa tena. Likae mdomoni mwa wanaomjua. Ndiyo maana msomaji hakulikuta.

Lakini sheria ya vilabu nisivyovipenda inanidai nitaje. Habari hii nimeiazima. Aliyelirudisha jina mahali pake hakunikataza kitu, na Langas nzima humwita kwa kazi yake: Mama Chupa.